Amiri Kheri Hakuwa Jini Wala Hakulalamika

Awadh Mbarak Seif,
Duka la Vifaa vya Shule,
Kinondoni,
Dar es Salaam.

Kwa Mkurugenzi wa tamthilia ya Mji wa Chumvi,
ambaye pia ni mtoto wa shemeji yangu,
Sinza.

Mheshimiwa Mkurugenzi Azan,

YAH: KUGEUZWA KWA AMIRI KHERI KUWA JINI, NA MAMBO MENGINE SITA YANAYOFANANA NA HAYO

Assalaam alaykum. Ninakuandikia kama raia, kama mfanyabiashara, na kama mume wa marehemu mwandishi. Kama ami yako sikuandikii. Ami yako amekasirika na hawezi kushika kalamu.

Natumaini u mzima. Mie si mzima, na sababu zake nazipanga hapa chini kwa namba, kwa kuwa nilipokueleza kwa ujumbe wa simu ulinijibu kwa kile kipicha cha kidole gumba, na mpaka leo sijajua kidole kile kilikuwa kinakubali nini.

Kwa faida ya watakaopata nakala ya barua hii na hawajui asili ya jambo, naeleza. Marehemu mke wangu, Thuraya, aliandika kitabu kiitwacho Mji wa Chumvi. Alikiandika kwa miaka tisa katika madaftari ya duka hili, yale makubwa yenye jalada gumu. Ni hadithi ya mji uliojengwa kwa chumvi tupu: kuta chumvi, ngazi chumvi, hata vitanda, na wenyeji wake wanaiogopa mvua kuliko mauti. Mji unatawaliwa na Malkia Shemsi. Malkia ana jemadari wake, Amiri Kheri, mtu wa wapanda farasi arobaini, mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Zilichapishwa nakala mia tatu na zote zilitoka, nyingi kwa walimu.

Mwaka jana ulikuja dukani, Mheshimiwa, ukaomba ruhusa ya kukifanya tamthilia ya televisheni. Nilikupa ruhusa hiyo juu ya meza hii hii, kwa halua na kahawa. Uliweka mkono kifuani ukasema, "Ami, sitabadilisha hata nukta." Nilikuamini. Nikakuongeza halua.

Usije ukajitetea kwamba sikijui kitabu. Thuraya alinisomea chote, mwanzo hadi mwisho, mara nne. Alikuwa akikataa nisome mwenyewe. "Ukisoma wewe utaanza kunisahihisha herufi," alisema. "Kaa hapo nikusomee." Basi baada ya sala ya alasiri, wateja wakipungua, yeye hukaa juu ya katoni za karatasi, mie kwenye kigoda changu, naye husoma. Watu walionunua kitabu hicho walikisoma mara moja, tena wengine walirukaruka. Mie nimesomewa na mwenyewe mwandishi, kwa sauti yake, mara nne. Hakuna mtu Tanzania hii anayekijua kunizidi.

Sasa naingia kwenye malalamiko.

1. Jina

Jina la jemadari ni Kheri. Katika tamthilia yako anaitwa Kero. Mwanzo nilidhani mwandishi wa majina ana haraka, nikasubiri ombi la radhi liandikwe chini ya kioo, kama wanavyofanya kwenye taarifa ya habari. Halikuandikwa. Kheri ni neema. Kero ni jambo linalopelekwa ofisi ya serikali ya mtaa. Herufi chache tu, Mheshimiwa, lakini hata mke na mkeka vimetenganishwa na herufi chache, na hakuna anayevichanganya.

2. Umbo, mavazi, kazi na tabia

Siku ya sehemu ya kwanza, Jumamosi saa kumi jioni, nilialika watu. Niliweka televisheni juu ya kaunta, nikaagiza vileja na soda. Alikuja Leodegar, fundi cherehani anayeshonea barazani kwangu mwaka wa kumi na mbili sasa. Alikuja Mama Felicitas, mwenyekiti wetu wa mtaa. Walikuja walimu wanne na majirani wengine ambao sikuwaalika lakini walinusa vileja. Nikawaambia, "Kaeni vizuri. Sasa hivi lango litafunguka, na mtamwona Amiri."

Lango likafunguka. Akatoka jini.

Hakuwa na farasi. Alikuwa na kigoda. Alivaa msuli na fulana ya mikono mifupi, na miwani iliyofungwa kwa uzi upande wa kushoto. Akakaa. Akaletewa chai. Akainusa, akamwita aliyeileta, akasema neno lake la kwanza mbele ya taifa zima:

"Chai hii imechemshwa, au imetishiwa moto tu?"

Duka lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu mmoja alimwaga soda juu ya rula. Niligeuka kushoto na kulia kutafuta nani anachekwa. Leodegar, machozi yakimtoka, akanishika bega: "Mzee Awadh, walikupiga picha lini? Mbona hukutuambia?"

Nataka nieleweke. Hakuna kufanana. Miwani yangu imefungwa kwa uzi wa kahawia, na ya jini yule imefungwa kwa uzi mweusi. Kigoda changu kina miguu minne, chake mitatu. Ni kweli kwamba mie nami huuliza habari za chai, lakini huuliza pale inapostahili, na hapa Kinondoni inastahili karibu kila siku.

3. Madhara kwa jamii

Tangu siku ile sina jina. Mwalimu wa shule ya msingi jirani, mama wa heshima zake, aliingia akasema, "Shikamoo mzee. Naomba boksi mbili za chaki, na kero moja." Nilimpa chaki. Msikitini, mzee mwenzangu aliniuliza kwa upole kabisa kama majini husimama safu ya mbele au ya nyuma.

La kunivunja kabisa ni la Mama Felicitas. Aliitisha mkutano wa hadhara wa kusikiliza kero za wananchi. Nikaenda kama mwananchi. Akashika kipaza sauti, akasema, "Kabla hatujaanza, tumkaribishe mwenye jina lake." Watu kama mia moja na arobaini wakapiga makofi. Nilisimama, kwa sababu nimelelewa. Na kwa kuwa nilikwisha kusimama, nikazungumza kidogo juu ya gari la taka, taa za barabarani, muziki wa singeli wakati wa mitihani, na watu wanaoegesha bajaji mbele ya milango ya wenzao. Dakika arobaini hivi. Wakati wote huo walikuwa wakicheka na kurekodi kwa simu, nami nilikuwa nasema mambo ya maana.

4. Hoja yako ya unga na mkate

Nilipokutafuta kwa simu mara ya pili uliniambia: "Ami, kitabu ni unga, filamu ni mkate. Lazima kuna kitu kitabadilika humo jikoni."

Nimekaa na maneno yako siku tatu, nikayageuza. Nakubali. Unga hauwezi kubaki unga. Lakini mie nilikukabidhi unga wa ngano, Azan. Umeniletea mkate wa muhogo, tena umeung'ata.

5. Suala la mvua

Hapa ndipo moyo wa hadithi ulipo, na hapa ndipo ulipouchoma kisu.

Katika hadithi, wingu kubwa jeusi linakuja juu ya Mji wa Chumvi. Wenyeji wanalia, kuta zimeanza kutoa jasho. Amiri Kheri anapanda ukutani, anavua joho lake, analitandaza juu ya mji mzima, na anasimama amelishika kwa mikono miwili siku saba, usiku na mchana, hasemi neno. Thuraya alipokuwa akisoma hapo nilikuwa nasimama mie mwenyewe bila kujijua. Siku moja mteja aliondoka bila kuhudumiwa.

Katika tamthilia yako, jini anatoa kigoda nje ya lango, anatazama juu, na kuanza:

"Wewe wingu. Umekuja kwa ruhusa ya nani? Ulileta barua? Na mbona upande mmoja umeinama? Mwenzako wa mwaka jana alikuwa na adabu, alikuja asubuhi. Wewe unakuja watu wamekwisha kuanika. Halafu huo weusi ni wako au umeazima?"

Akaendelea hivyo siku tatu. Siku ya tatu wingu likaona haya, likajikunja, likaenda kunyesha mji mwingine.

Watu barabarani walishangilia kama goli limefungwa. Lakini nakuuliza, Mheshimiwa: tangu lini wingu likashindwa kwa kusemwa? Uchawi una taratibu zake. Najua Leodegar atakukumbusha habari ya mtaro wa maji machafu ulio mbele ya duka langu, kwamba niliandika barua kumi na tisa mpaka ukachimbwa, na kwamba mhandisi alipokuja alisema amekuja ili nimwache alale. Hilo lilikuwa suala la kisheria. Halihusiani na mawingu.

6. Maneno yasiyo ya kitabu

Nilipoona simu haisaidii, nilipanda bajaji nikaja Segerea mnakorekodia. Nilikuja na kigoda changu kwa kuwa sijui kama watu wa filamu wana pa kuwakalisha wageni. Nikaukuta Mji wa Chumvi umejengwa kwa mbao na chokaa nyuma ya nyumba ya watu, na kuku wawili wanapita katika ukumbi wa malkia.

Sikuja kwa ugomvi. Nilisema tu niliyoyaona: kwamba kiti cha enzi kina karatasi ya bei chini ya mguu, kwamba askari wa mji wa kale amevaa saa ya mkononi, tena imesimama, kwamba taji la malkia limekaa kama sufuria lililokosa mfuniko, kwamba hiyo wanayoiita chumvi imepigwa chokaa upande mmoja na upande wa pili imeachwa kwa Mungu.

Twaha, huyo kijana wako wa Sinza anayeigiza jini, alinipokea vizuri, sikatai. "Shikamoo, mzee wangu," akasema. "We endelea tu, mie nipo hapa." Akachuchumaa mbele yangu akinitazama mdomo kama mtu anayesubiri penalti. Nikamwambia akae kwenye kiti, ataharibu magoti. Akasema, "Hiyo nayo nzuri, mzee. Irudie."

Nawe ukaja. "Ami, unaweza kurudia ile ya saa ya mkononi? Polepole kidogo." Nikarudia, nikijua mnaandika orodha ya marekebisho. Nilikaa saa mbili. Mkaniletea soda, nikasema haikupoa, nalo hilo mkaliandika.

Jumamosi iliyofuata, yote niliyosema yalitoka kinywani mwa jini. Yote. La saa, la sufuria, la magoti. Hata kikohozi changu, ambacho ninacho tangu zile mvua za El Nino, mlimpa.

Sasa hapa nakukamata, na sidhani utachomoka. Maneno yale ni yangu, niliyasema Segerea siku ya Jumanne. Marehemu hakuyaandika. Kwa hiyo hayamo kitabuni. Kwa hiyo umeongeza. Wewe uliyeapa nukta, umeongeza saa mbili nzima.

7. Mwisho

Jumamosi iliyopita mlionesha kipande cha sehemu ya mwisho, ya kutuonjesha. Malkia Shemsi anavuka daraja la chumvi peke yake. Anaonekana kwa mgongo. Jini amebaki langoni.

Hapa naomba nisiwe mkali.

Katika hadithi, Malkia anaitwa kwenye nchi iliyo ng'ambo ya daraja, na anayevuka harudi. Watu wote wanamuaga. Anatembea mpaka katikati ya daraja, anasimama. Kisha anageuka, anarudi hadi langoni, anamwambia jemadari wake: "Kheri, inuka. Njia hii ndefu, na mie sijazoea kimya." Wanakwenda wote wawili.

Nilikuwa najiuliza kwa nini anamwambia hivyo mtu wa maneno machache. Nilimuuliza Thuraya. Akasema, "Wewe sikiliza tu."

Mara ya nne aliponisomea hapo alikuwa kitandani, na zilikuwa zimebaki wiki mbili. Kitabu kilikuwa juu ya kifua chake, kimefungwa. Alisoma hivyo hivyo, macho kayafumba, mpaka akamaliza. Nikadhani amekihifadhi.

Mengine yote katika barua hii tunaweza kuzungumza. Hili hapana. Malkia anarudi. Ndivyo alivyosema mwenye hadithi, na wewe huna haki ya kumpitisha moja kwa moja.

MADAI

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, kwa heshima:

(a) Jini Kero aondolewe na Amiri Kheri arudishwe. Twaha apewe farasi. Farasi akikosekana, nitakubali punda, ilimradi asuguliwe mkia na asipigwe picha ya masikio.

(b) Sehemu sita zilizokwisha kuoneshwa zihesabiwe hazikuoneshwa. Walioziona waitwe mtaa kwa mtaa, waoneshwe zilizo sahihi, na watie sahihi kwamba za mwanzo hawakuziona.

(c) Itungwe sheria kwamba mtu yeyote anayehamisha hadithi ya majini, falme au miji isiyokuwepo kutoka kitabuni kwenda kwenye kioo asipunguze wala asiongeze jini hata mmoja. Nchi haiwezi kwenda ikiwa kila mtu anazalisha majini anavyotaka.

(d) Ateuliwe Mkaguzi wa Uaminifu wa Hadithi, akae mahali pa kurekodia kila siku. Mie nipo tayari. Nina kigoda changu na mwavuli.

(e) Ukaguzi huo usiishie kwenye televisheni. Nimechunguza na kugundua kwamba uovu huu unaanzia majumbani. Kuna mabibi katika mtaa huu huu wanaosimulia hadithi ya sungura kila mmoja kivyake. Kwa mmoja sungura anaponea kisimani, kwa mwingine mtini. Kila bibi aandikishe sungura wake na asimbadilishe.

(f) Vivyo hivyo kwa ndoto. Mtu akisimulia ndoto yake asubuhi, asitie chumvi.

Nadhani nimesema ya kutosha kwa siku ya kwanza. Amana ni amana, Mheshimiwa. Ukiambiwa peleka maneno haya, yapeleke kama ulivyopewa. Anayebadilisha maneno njiani, hata kwa nia njema, amemdanganya aliyepelekewa.

Naomba kuwasilisha, nikisubiri jibu la maandishi na si la kidole.

Nisalimie mama yako, mwambie ule mchuzi wa Ijumaa ulikuwa mzuri, ungekuwa mzuri zaidi kwa ndimu. Salamu kwa mkeo na wanao. Salamu kwa Malkia Shemsi, binti yule anajitahidi, ila asimame wima. Salamu kwa mwenye nyumba wa Segerea na kuku wake. Twaha usimsalimie mpaka arudishe kikohozi.

Wako katika uaminifu wa hadithi,

Awadh Mbarak Seif

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Mama Azan. Leodegar (ubao wa cherehani, ili wapitao wasome).

Nyongeza.

Barua hii ilikuwa tayari Alhamisi. Binti yangu Khulud, aliyekuja kunichapia kwenye kompyuta yake, alifika mwisho akasema, "Baba, malalamiko bila kurasa ni umbea. Weka namba za kurasa, Azan asipate pa kuponea."

Ni kweli. Nikafungua kabati nikatoa nakala ya mama yake, ile aliyokuwa akinisomea. Haikuwa imefunguliwa tangu afariki.

Ukurasa wa tatu: "Langoni alikaa Jini Kero."

Nilifuta miwani nikasoma tena. Nikampa Khulud asome. Akasoma: Kero. Akanitazama, akasema, "Baba, kwani ulikuwa hujui?"

Msuli upo, ukurasa wa nne. Kigoda kipo, miguu mitatu. Chai iliyotishiwa moto ipo, ukurasa wa tisa. Wingu linasemwa kutoka ukurasa wa themanini na mbili hadi wa themanini na nane, na sijaona sehemu tamu kuliko hiyo katika kitabu chote. Kikohozi kipo. Hata la saa, la sufuria na la magoti yapo, na la kinywaji kisichopoa, ambayo mie niliyasema Segerea Jumanne nikidhani ndiyo kwanza yanazaliwa. Amiri hayumo. Farasi hayumo hata mmoja. Hukubadilisha nukta, mwanangu, isipokuwa uzi wa miwani: kitabuni umeandikwa wa kahawia.

Aliyebadilisha ni mwingine. Pembeni mwa kurasa kuna mwandiko wake wa penseli, mdogo mdogo, ule aliokuwa akiutumia kwa orodha za sokoni. Ukurasa wa tatu: "Kwa Awadh: Kheri." Ukurasa wa nne: "Kwa Awadh: farasi. Arobaini." Ukurasa wa themanini na mbili: "Kwa Awadh: joho, akae kimya. Akijua kwamba manung'uniko ndiyo yaliyouokoa mji, humu ndani hatutalala."

Nilikaa nikasoma kitabu chote kwa macho yangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza, mpaka adhana ya magharibi. Kwenye chai nilicheka, Leodegar akaja na mkasi mkononi kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Mzee, nilidhani umeanguka. Sijakusikia hivyo muda mrefu."

Ukurasa wa mwisho, Malkia anavuka peke yake na hageuki. Ndivyo alivyoandika, ndivyo ulivyopiga picha. Jini anabaki anailaumu njia, halafu mawe ya njia, halafu hana tena wa kumwambia. Pembeni, penseli imefutwa na kuandikwa, ikafutwa tena hadi karatasi ikapauka. Kwanza ilikuwa "Kwa Awadh: anageuka." Ikafutwa. Kisha "anampungia mkono." Ikafutwa. Chini yake, kwa herufi zilizokwisha kulegea: "Kwa Awadh: anarudi kumchukua."

Kwa hiyo nayaondoa malalamiko namba moja hadi sita, na madai yote pamoja na ya ndoto. Mabibi wasimulie sungura wanavyotaka. Jini abaki jini, kwa jina lake la Kero, na msuli wake, na Twaha msalimie sana.

La saba nalibakiza, ila nalipindua. Naomba, Azan, kwa sehemu ile moja tu, usikifuate kitabu. Fuata penseli. Najua ulinipa kiapo. Nakuvua kiapo hicho, mie ami yako, na safari hii ami ndiye anayeandika. Nakala yake nakutumia kwa mkono wa Khulud. Uirudishe, na isiwe na doa la chai.

Mistari hii ya mwisho naiandika kwa mkono. Khulud ameacha kuchapa, analia, nami nimemwambia kompyuta haipendi maji. Univumilie hati. Kalamu nimetoa dukani kwangu, boksi jipya kabisa, na hii ni ya tatu inayogoma. Mwenye kiwanda nitamwandikia kesho.